Mafuta Yaliyozama

Kabla ya mwaka 2010 umeme wa Pemba ulikuja kwa meli. Dizeli ilishushwa bandarini, ikapelekwa Wesha, nje kidogo ya Chake Chake, ikaunguzwa ndani ya majenereta, na umeme uliopatikana ukagawiwa Chake, Wete, Mkoani na vijiji vilivyobahatika kupitiwa na nguzo. Bahari ikichafuka, meli ikichelewa au kipuri kikiagizwa ng'ambo, kisiwa kizima kilijua. Sisi tuliokaa shamba, nyuma ya Wawi, nguzo hazikutufikia, basi hatukuwa na la kukatiwa. Tuliwasikia wa mjini wakilalamikia mgao, tukawaonea huruma ile ya maskini kwa tajiri aliyeibiwa.

Siku hizi vijana wa skuli wakinialika kuzungumza nao, swali halikosi: kwa nini uliamua kuwa injinia? Mwalimu wao aliyesimama pembeni huwa ananitazama akingoja niseme nilipenda hesabu, ili kesho amalize kipindi chake kwa amani. Hesabu nilizipenda, kweli. Lakini katika Wapemba wa rika langu walioingia kazi hii simkumbuki hata mmoja aliyeingizwa na hesabu peke yake. Kila mmoja alikuwa na jambo lake, dogo, la nyumbani, ambalo hakuliandika kwenye fomu yoyote kwa kuona haya.

Langu lilianza na karabai ya babu. Msimu wa karafuu mchana ni wa kuchuma na usiku ni wa kuchambua. Mnakaa ukumbini au uani, pakacha katikati, unashika kichala unakibonyeza kiganjani, karafuu zinaanguka huku, makonyo unayatupa kule. Karafuu ya leo isiyochambuliwa leo itavunda, na karafuu iliyovunda haina bei. Kwa hiyo taa ilikuwa chombo cha kazi sawa na ngazi na jamvi. Koroboi ilitutia masizi puani, karabai iliangaza ua mzima, na babu hakumruhusu mtu kuigusa. Alipiga pampu mwenyewe, akaipima kwa sikio, akaitundika.

Usiku mmoja babu amelala na homa, taa ikaanza kupumua kwa kwikwi, mara inafifia, mara inalipuka. Wakubwa walikuwa wanabishana kama waiache au waende kwa jirani kuazima nyingine. Mimi nilikuwa nimemwona babu mara nyingi akichokoa kile kitundu kinachotoa mvuke wa mafuta ya taa. Nikaitoa hewa, nikangoja ipoe, nikatafuta sindano yake nyembamba aliyoichomeka kwenye ukingo wa kofia, nikazibua. Kitundu chenyewe hukioni mpaka ukielekeze kwenye mwanga. Kilichonitisha si kitundu bali kile kifuko cha kitambaa, maana kikishaungua mara ya kwanza hubaki majivu matupu, ukikigusa kwa kucha kinamong'onyoka, na hayo majivu ndiyo yanayong'aa. Ukubwani nilikuja kusoma kuwa yametengenezwa kwa oksidi za thoriamu na seriamu. Wakati ule nilijua tu kuwa nikikivunja, babu atapona homa kwa hasira.

Kikawaka. Hakuna aliyenipongeza, watu walirudi kwenye makonyo. Ila tangu siku ile taa ikileta matata, niliitwa mimi, na mtoto anayeitwa na wakubwa hawi tena mtoto wa kawaida.

Hesabu nazo zilinijia kwa mlango wa chuoni kabla ya skuli. Mwalimu wetu wa Kurani alikuwa bingwa wa mirathi, na Pemba mirathi ni mikarafuu. Alitupa mafumbo ya aina hii: marehemu ameacha mikarafuu 72, mjane, mama yake, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Mjane apate thumni, yaani miti 9. Mama apate sudusi, miti 12. Inabaki 51, kijana achukue 34 na dada yake 17. Tukishangilia kuwa hesabu imetoka, yeye alikunja uso: "Na ule mti unaozaa kuliko wote, unamwangukia nani?" Hapo palikuwa kimya. Sehemu zilikuwa sahihi na ugomvi ulikuwa palepale. Nimekaa kwenye vikao vingi vya wahandisi wenye majedwali safi, nikatamani mwalimu yule angekuwepo aulize swali lake.

Lakini kama ni lazima nitaje mahali, basi ni Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo.

Karafuu za Zanzibar hununuliwa na shirika la serikali, ZSTC, na nyingi zinatoka Pemba. Wengi wanajua habari za karafuu zenyewe, wachache wanajua kuwa hata yale makonyo tuliyokuwa tukiyatupa kando yana bei. Yanakaushwa, yanapelekwa Wawi, yanakamuliwa mafuta yanayotumika kwenye manukato na dawa za meno. Mjomba wangu alikuwa kibarua pale, upande wa boila. Aliporudi jioni, harufu ilimtangulia ukumbini. Shangazi alizifua nguo zake peke yake, na hata hivyo shuka zetu zote zilinukia karafuu mwaka mzima. Kwenye gari ya abiria hakuhitaji kueleza anakofanya kazi.

Nikiwa na umri wa miaka kumi na kitu, likizo ya skuli, nilitumwa kumpelekea chakula. Ilikuwa muhogo na papa wa kuchoma, nakumbuka kwa sababu nilikula nusu ya papa njiani. Mlinzi alinijua akanipitisha. Mjomba akanionyesha: makonyo yamejazwa ndani ya pipa kubwa la chuma lililofunikwa, mvuke unatoka kwenye boila unapenya chini yake, unapanda juu ukiwa umebeba mafuta, unapita kwenye bomba lililojiviringa ndani ya maji baridi, unarudi kuwa maji, unadondokea kwenye chombo cha mwisho. Hayo niliyaelewa. Mfuniko wa sufuria ya wali ulikuwa umeshanifundisha nusu yake.

Nikainama kwenye chombo cha mwisho nikatazama juu ya maji. Hamna kitu.

"Mjomba, mafuta yako wapi?"

"Tazama chini."

Yalikuwa chini. Mazito, ya rangi ya chai isiyokolea, yamelala chini ya maji na mpaka wake unaonekana wazi. Nyumbani nilikuwa nimeona mafuta ya nazi yakielea, ya samaki yakielea, ya taa yakielea juu ya dimbwi. Mafuta kuzama lilikuwa jambo ambalo kama ningehadithiwa ningekataa.

"Kwa nini yanazama?"

Mjomba alikuwa akitafuna muhogo. "Mimi najua yanazama. Kwa nini, kamuulize aliyesoma."

Aliyesoma alikuwa nani? Wakati huo skulini kwetu hatukuwa na mwalimu wa fizikia, na Wawi nzima sikumjua mtu wa kumuuliza. Nilizunguka na swali lile mpaka kidato cha pili, ndipo nikakutana na habari ya msongamano wa vitu: mafuta ya karafuu yana uzito zaidi kidogo kuliko maji kwa ujazo ule ule, basi. Jibu lilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia na halikuniridhisha sana. Kilichonikaa zaidi ni kitu nilichokiona siku ile ile bila kukielewa. Bomba la kutolea mafuta lilikuwa limewekwa chini ya chombo, na la kutolea maji lilikuwa juu. Anayetengeneza chombo cha mafuta mengine angefanya kinyume chake. Kwa hiyo kulikuwa na mtu, katika nchi nisiyoijua, aliyekaa na karatasi akayafikiria makonyo ya Pemba kabla hayajafika, akajua yatazama, akaliweka bomba mahali pake. Mjomba aliyakinga mafuta kila siku kwa sababu ya mtu huyo, na hawakupata kuonana. Nilitaka kuwa mtu huyo. Sikujua anaitwa nani, na kwetu mtu yeyote anayeshika spana alikuwa fundi tu.

Wenzangu walikuwa na yao. Nilisoma na kijana wa Tumbe, baba yake mjenzi wa vyombo, mashua na madau, mtu wa tezo na keekee asiyechora hata mstari. Aliweka mkuku, akausimamia kwa jicho, akapanga mataruma, akapigilia mbao, akakalafati kwa pamba na sifa, na chombo kikashuka majini kimenyooka. Mwanawe alimwona akikataa kazi ya jahazi kubwa kwa sababu mwenye mali alitaka kujua mapema mbao ngapi zitahitajika na zitagharimu kiasi gani, na mzee hakuwa na namna ya kumwambia ila "nyingi". Kazi ikaenda kwa mwingine. Kijana hakusema lolote siku hiyo. Leo ni mhandisi wa ujenzi, na sijapata kuona mtu anayekadiria vifaa kwa hasira kama yeye.

Mwingine kilichomvuta ni picha. Kaka yake alikuwa Muscat. Pemba kila ukoo una mtu Oman, na baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walirudi kule na baadhi yao wakapata kazi kwenye kampuni ya mafuta, PDO. Ikaja picha ya kaka amevaa kofia ngumu jangwani, nyuma yake mtambo unaowaka moto juu, na pamoja na picha zikaja fedha za kuezekea nyumba bati. Rafiki yetu alisema waziwazi, bila kuzungukazunguka: nataka mshahara ule. Walimu walimkemea kuwa elimu si fedha. Nami nilimdharau kidogo, nikijiona mwana wa maarifa na bomba langu la chini. Ndiye aliyetushinda sote kwa uhodari wa kazi. Mtu anayejua hasa anachokitaka hasinzii darasani.

Wako waliopangiwa pia. Alama zimetoka, nafasi ipo, afisa ameandika jina. Tusiwasahau, ni wengi, na baadhi yao waliipenda kazi baadaye kama ndoa za zamani zilivyokuwa zikipendwa.

Wala tusijidanganye kuwa ufundi wa Pemba ulianza na boila. Ukienda Pujini utaonyeshwa magofu ya ngome ya Mkama Ndume, aliyetawala karne ya 15, na utasikia habari ya kisima chake. Wazee husimulia kuwa alikuwa na wake wawili wasiotazamana, basi akajenga ukuta ndani ya kisima, mmoja anashuka kwa ngazi upande wake, mwingine anateka kwa ndoo na kamba upande wa pili. Sijui kazi gani ya uhandisi iliyopata sababu ya wazi kuliko hiyo.

Skuli ya Fidel Castro, Vitongoji, ndipo tulipomalizia sekondari, kisha tukavuka maji. Nilitaka uhandisi wa kemikali kwa ajili ya yale mafuta. Nilipewa umeme. Fomu ilikuwa na nafasi tatu na umeme niliuandika wa tatu, tena kwa kujaza tu. Nikafika Chuo Kikuu, Mlimani, Dar es Salaam, miaka ya mwisho ya tisini, kwenye Kitivo cha Uhandisi kilichofunguliwa mwaka 1973, na sanduku la mbao lililojaa nguo zenye harufu ya nyumba ya mjomba.

Wenzetu wa bara walituchekea kwa wema. Kwao Mpemba alikuwa mwenye duka la mtaa, anayejua bei ya sukari usingizini, sasa huyu anatafuta nini kwenye saketi? Somo lililonifanya nitulie halikuwa la darasani bali la karakana. Ulipewa kipande cha chuma kibaya na tupa, ukaambiwa ukifanye mraba, pande zote sawa, pembe zote sawa. Unapiga tupa upande huu, unaweka kwenye kipimo, mwanga unapenya, unapiga tena. Ukinyoosha upande mmoja umeuharibu mwingine. Viganja vilitoka malengelenge, na vijana waliofika na alama za juu kuliko sote walikuwa wa kwanza kunung'unika. Mimi nilikuwa nimeshachambua karafuu misimu mingi. Kazi ndogo isiyokwisha haikunitisha.

Karafuu ilisaidia kwa namna nyingine pia, maana ada na nauli zilitoka kwenye miti ya babu. Kuna mkarafuu uliuzwa ili nipate kikokotoo. Sikuambiwa mpaka nilipohitimu.

Nilipoanza kazi sikurudi Pemba. Hili ni la kusema wazi kwa vijana: wengi wetu tulichagua uhandisi kwa sababu ya kisiwa, kisha kazi zikawa Dar, Unguja, Muscat, na kisiwa kikabaki na wale wale mafundi waliotupa hamu. Desemba 2009 waya wa umeme unaovuka kutoka bara kwenda Unguja uliharibika, na Unguja nzima ikakaa gizani mpaka Machi 2010. Pemba, tuliokuwa tukichekwa kwa majenereta yetu, tulikuwa na taa. Mama alinipigia simu Unguja akacheka mpaka akakohoa: "Njooni mchaji simu huku Pemba."

Mwaka huo huo ukaja waya wetu. Kutoka Tanga mpaka Ras Mkumbuu, kilomita 78 hivi chini ya maji, kilovolti 33, fedha nyingi zikitoka Norwei. Bahari kati ya Pemba na bara si ya mchezo. Unguja imekaa kwenye kina kidogo karibu na bara, Pemba imetengwa na mkondo wa kina cha mamia ya mita, na kebo iliteremshwa humo kutoka melini. Sikuwa kwenye mradi, nilichukua likizo nikaenda kutazama kama mtu mwingine yeyote. Ilipotokea nchi kavu ni kwenye rasi ile ile yenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizosimama karne nyingi bila mkandarasi wa kuzidai dhamana.

Umeme ulipokuja ulibadilisha vitu ambavyo hakuna aliyevitaja kwenye hotuba. Wavuvi walipata barafu kwa urahisi zaidi. Vijana walifungua vibanda vya kuchomelea vyuma. Shangazi alinunua friji, akaanza kuuza malai kwa watoto, na biashara hiyo ikamzidi mjomba kipato. Ila namkumbuka pia mzee mmoja, fundi wa dizeli kwa umri wake wote, aliyeweza kusimama nje ya jengo la majenereta akakuambia kwa sikio silinda ipi ina maradhi. Mashine zilipofanywa za akiba, ujuzi wake nao ukawa wa akiba. Nilipomkuta barazani nikampa hongera ya umeme mpya, aliniambia, "Hongera nyinyi." Nilinyamaza. Hatukuwa na somo la jambo hilo Mlimani.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tume iliyochunguza ilisema ilibeba watu zaidi ya 2,000. Sitaandika mengi, kwa kuwa kila nyumba ya Pemba ina lake. Nitasema la mpwa wangu tu, mtoto wa dada, aliyekuwa sekondari. Siku ya tatu ya matanga, watu wamechoka kulia, alikuja akakaa karibu yangu.

"Mjomba, meli ya chuma inaelea vipi?"

Nikamchorea mchangani. Nikamweleza maji yanavyoisukuma juu, uzito unavyoishusha chini, na inavyokuwa watu na mizigo wakijaa sitaha za juu. Akauliza ni nani anayejua, kabla ya meli kuondoka, kuwa sasa imezidi. Nikamwonyesha kuwa kuna mistari inayochorwa ubavuni mwa meli kuonyesha mwisho inapopaswa kuzama ikishapakiwa. Akanyamaza kitambo. "Kwa hiyo inaonekana kwa macho?" Nikamwambia ndiyo, inaonekana kwa macho.

Alisomea mitambo ya meli katika Chuo cha Bahari, Dar es Salaam. Kwenye usaili, walipomuuliza kwa nini amechagua fani hii, alijibu kuwa anapenda hesabu na fizikia, na wakamkubali. Nilimuuliza mbona hakusema kweli. Akaniambia, "Mjomba, ile si habari ya kumpa mtu usiyemjua."

Kusafiri naye ni adhabu. Hapandi meli mpaka azunguke gatini autafute ule mstari, ahesabu maboya, amuulize baharia maswali ambayo baharia hapendi kuulizwa. Mwaka juzi tulikuwa tunakwenda Pemba harusini, watu wanane na mabegi na keki. Akautazama mstari, akatazama watu wanaopanda, akasema hatuendi. Tukarudi Michenzani, mjini Unguja, kulala kwa jamaa. Chombo kilifika Mkoani salama, harusi ikafungwa bila sisi, keki tukaila wenyewe, na bibi yake hakumsemesha mpaka Ijumaa.